Lualaba: Jike anauzwa kwa mchinjaji, lakini dume nani alimpima?

Mwezi wa kumi na moja ukifika, wenye ng'ombe kuzunguka Kolwezi, Lubudi na Fungurume wanapumua kidogo. Majani yanarudi, vijito vinajaa, na mifupa iliyokuwa inaonekana tangu mwezi wa nane inaanza kufunikwa na nyama. Kuanzia mwezi wa kwanza, majike walioshiba wanataka dume, na dume anaingia kazini. Yote yanaonekana sawa. Lakini kuna swali ambalo wafugaji wachache wanauliza kabla ya siku hiyo: huyu dume, mwenye shingo nene na sauti kubwa, anaweza kweli kuzalisha?

Jibu linakuja mwaka unaofuata, na linakuja vibaya. Mtu alikuwa na majike ishirini, anapata ndama saba. Hapo anaanza kutafuta mwenye kosa, na macho yanaenda moja kwa moja kwa majike. Huyu ni tasa, yule amezeeka, mwingine amerogwa na jirani. Wanapakiwa kwenye kamyo, wanapelekwa kwa mchinjaji, na dume anabaki zizini akingoja majike wapya. Ni kama katika nyumba nyingi za watu: mtoto akikosekana, mama njo anaulizwa wa kwanza, na baba anapelekwa hospitali wa mwisho, kama anapelekwa.

Hesabu yenyewe inasema kinyume. Jike mmoja akishindwa, mfugaji amepoteza ndama mmoja. Dume mzima mwenye nguvu anapewa majike 25 mpaka 30 kwa msimu, na kijana anayeanza 15 mpaka 20. Dume huyo akishindwa, ni ndama wa kundi zima wanaopotea, na maziwa ya kundi zima, na mwaka mzima. Jike anabeba mimba miezi tisa na siku kidogo, karibu siku 283. Aliyekosa mimba kabla mwezi wa nne, katika kundi linalozalisha kwa msimu, atangoja mpaka mwezi wa kwanza mwingine.

Tena, dume tasa kabisa ni wachache, na huyo anajulikana mapema juu hakuna ndama hata mmoja. Mwenye kuleta hasara kubwa ni dume wa nusu-nusu. Anapanda, anazalisha wachache, na mwenyewe anaona ndama wawili watatu, anatulia. Katika nchi zenye desturi ya kupima madume kila mwaka, Marekani na Australia kwa mfano, ni kawaida kukuta kati ya 10 na 20 kwa kila madume 100 hawapiti, na wote walikuwa wanaonekana wazima kwa macho. Hakuna sababu ya kuamini kwamba madume wa Lualaba, wenye kupita kiangazi kirefu, kupe na nzi wa tsetse, wako bora kuliko hao.

Kolwezi ni mji ambao chakula chake kingi kinatoka mbali. Unga wa bukari unategemea sana barabara ya Kasumbalesa, na mwaka 2024, wakati Zambia ilipopigwa na ukame na kufunga mlango wa mahindi yake, kila nyumba ilielewa maana ya kulishwa na jirani. Pesa ya madini nayo haitulii. Mwezi wa pili 2025 serkali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na tangu mwezi wa kumi mwaka huo huo biashara hiyo inakwenda kwa vipimo vinavyogawiwa na Kinshasa. Mtu aliyekuwa anategemea kobalti peke yake alijifunza mwaka ule. Kwa hiyo wazo la kununua shamba, kuweka ng'ombe kumi, kisha ishirini, si wazo la kijinga. Lakini mtu anayejua bei ya shaba kwa tani moja ananunua dume kwa kuangalia rangi na urefu wa pembe.

Ufugaji wa ng'ombe si jambo geni hapa. Wakati wa Wabelgiji, makampuni makubwa ya ufugaji yaliwekwa kwenye nyanda za juu za Katanga, Biano kati yake, pahali ambapo baridi na urefu vinasaidia kumkimbiza tsetse. Grelka ya Biano na Pastorale du Haut-Lomami bado zipo na leo ziko mikononi mwa Groupe Forrest. Kwenye kazi ya namna ile, kuna vitabu, kuna zizi la kukamatia ng'ombe, kuna mganga wa mifugo, na dume asiyefaa anaweza kujulikana. Ujuzi huo haukushuka kwa mfugaji mdogo. Yeye alipata ng'ombe, hakupata kitabu.

Basi kupima dume ni nini? Watu wengi wakisikia wanafikiri ni mashine kubwa za hospitali. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni macho, mikono na mita ya mshonaji wa nguo.

Mganga anaanza na miguu, juu dume anayechechemea hatafuata majike kilomita tatu porini, hata mbegu zake zikiwa safi namna gani. Anaangalia macho: dume asiyeona vizuri hajui ni nani anataka kupandwa. Anaangalia meno, mafuta ya mwili, kwato. Anakagua uume kama una kidonda, kama umepinda, kama kuna nywele zimejifunga. Kisha anashika korodani, yaani mapumbu, bila haya. Zinatakiwa ziwe mbili, karibu sawa, zenye kubonyea kidogo kama msuli uliokazwa, si laini kama embe lililooza wala ngumu kama jiwe. Moja ikiwa ndogo kuliko nyenzake, au ina joto na uchungu, tayari kuna habari.

Hapo inakuja mita. Inazungushwa pale penye unene zaidi, korodani zikiwa zimevutwa chini. Kwa ng'ombe wakubwa wa kizungu, kipimo kinachokubalika ni sentimita 30 kwa dume wa miezi 15, na 34 kwa aliyepita miaka miwili. Ng'ombe wenye damu ya zebu wanachelewa kukomaa, na wale wadogo wa kienyeji wengi hawatafika 34, kwa hiyo ni ujinga kuwakataa kwa kipimo cha Texas. Wanalinganishwa na wenzao wa umri mmoja na ukoo mmoja: aliye chini sana ya wenzake anaachwa. Na hapa kuna faida ambayo wengi hawaijui. Ukubwa huo unarithiwa, na mabinti wa dume mwenye korodani kubwa wanakomaa mapema. Dume anayechaguliwa kwa mita anatengeneza pia majike wa kesho.

Sehemu ya tatu njo inataka vyombo: kutoa mbegu na kuziangalia kwa darubini. Kuna chombo cha umeme kidogo kinachoingizwa nyuma ya dume, na kuna njia ya mkono, ya kukanda kutoka ndani. Kazi hii ni ya mganga aliyefundishwa, si ya kila mwenye ujasiri. Ikifanywa vibaya inaumiza mnyama. Darubini inaonyesha mambo mawili. Moja, mbegu ngapi zinaogelea mbele: zinatakiwa angalau 30 kwa kila 100. Pili, mbegu ngapi zina umbo zuri, kichwa na mkia kamili: angalau 70 kwa 100. Kuna kosa moja linalofanyika mara nyingi katika mashamba: kioo baridi. Mbegu ya ng'ombe imezoea joto la mwili. Ikiwekwa kwenye kioo cha baridi cha asubuhi ya Biano inasimama, na dume mzima anaandikiwa kwamba hafai. Chupa ya maji ya vuguvugu inatosha kuokoa jina lake.

Hata akipita yote hayo, kuna kitu ambacho darubini haisemi, ni hamu. Kuna madume wenye mbegu safi kabisa wanaolala kivulini wakati jike anataka. Huyo anajulikana kwa kuwekwa pamoja na jike na kuangaliwa kwa dakika kumi na tano, ishirini. Ni kazi ya bure, na inaachwa mara nyingi kuliko zote.

Upande wa magonjwa ni mzito zaidi, juu unagusa kundi zima na mara nyingine watu wa nyumba. Katika vijiji ambako dume mmoja anazunguka, leo kwa mjomba, kesho kwa jirani, kesho kutwa kwa rafiki aliyeleta katoni ya bia, kuna magonjwa mawili ya zinaa ya ng'ombe, trikomona na kampilobakta, yanayosafiri naye. Dume mwenyewe haugui. Anakula, ananenepa, anapanda, na ndani ya ngozi ya uume wake anabeba vijidudu miaka na miaka, hasa akiwa mzee. Majike wanashika mimba, mimba inatoka ikiwa changa sana hata mwenyewe haoni kitu, na baada ya muda jike anarudi kutaka dume tena. Mfugaji anasema hawa majike wana tabia mbaya. Kupima kunafanyika kwa kuosha ngozi hiyo ya uume na kupeleka maji yake maabara, na kipimo kimoja hakitoshi, inafaa kurudia. Katika kijiji kisicho na maabara, dawa ya kwanza ni kutokuazima dume mzee ovyo-ovyo. Dume kijana ambaye hajapanda bado njo mwenye hatari ndogo.

Bruselozi ni habari nyingine. Inatoa mimba karibu na mwisho, inavimbisha korodani, na inahamia kwa binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa mikono inayovuta ndama. Mtu anakuwa na homa inayokwenda na kurudi, maungo yanauma, anatibiwa malaria mara tano. Kipimo chake cha kwanza, kinachoitwa Rose Bengal, ni rahisi: tone la maji ya damu, tone la dawa nyekundu, dakika nne. Hakuna sababu nzuri ya dume kuuzwa bila kipimo hicho.

Kuna pia ugonjwa wa tsetse, unaoharibu korodani polepole, na ule wa vivimbe vya ngozi, ambao virusi vyake vinaweza kutoka ndani ya mbegu za dume hata vidonda vikiwa vimekauka. Na homa yoyote kali, hata ile ya kupe, inaacha alama. Hapo njo kalenda inakuwa na maana.

Mbegu ya dume inachukua karibu siku 60 kutengenezwa, na siku chache tena za kukomaa na kusafiri. Maana yake, mbegu anazotoa leo zilianza miezi miwili iliyopita. Dume aliyepigwa na homa mwezi wa kumi anaweza kuanguka kwenye kipimo cha mwezi wa kumi na moja, kisha mwezi wa kwanza akawa mzima kabisa. Ndiyo sababu anayeanguka mara ya kwanza, kama hana kilema cha kuonekana, hachinjwi. Anapimwa tena baada ya siku 60. Na ndiyo sababu kupima siku tatu kabla ya kumfungulia ni kuchelewa: akianguka, hakuna muda wa kungoja wala wa kutafuta mwingine.

Kwa Lualaba, kalenda inajipanga hivi. Mfugaji anayetaka ndama wazaliwe mvua zinapoanza, ili mama awe na majani na maziwa, anamweka dume na majike kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa tatu. Aliyeshika mimba mwanzo wa mwezi wa kwanza anazaa karibu na tarehe 10 ya mwezi wa kumi. Ukirudi nyuma miezi miwili kutoka mwezi wa kwanza, unafika mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Hiyo njo siku ya mita na darubini. Lakini angalia mtego: mwanzo wa mwezi wa kumi na moja dume ametoka kwenye kiangazi, na mbegu zinazopimwa siku ile zilitengenezwa mwezi wa nane na wa tisa, wakati moto wa pori umekula majani na alikuwa anatafuna mabua. Ukimpima na njaa, unapima njaa. Kumlisha kunatakiwa kuanza mwezi wa saba au wa nane, kwa pumba ya mahindi, mashudu ya karanga na chumvi. Si lazima kulisha kundi lote namna hiyo, ni kichwa kimoja au viwili.

Wafugaji wadogo wengi watasema hawana msimu, dume anakaa na majike mwaka mzima. Ni kweli, na kwao kosa linajificha vizuri zaidi, juu hakuna tarehe ya kuhesabia. Ndama anazaliwa siku yoyote, mwingine anakufa mwezi wa nane kwa kukosa maziwa, na hakuna anayejua kama kundi linarudi nyuma. Kwa wenye kundi dogo, daftari la shule linaweza kuwa kipimo cha kwanza: jike gani alipandwa tarehe gani, na kama alirudi baada ya siku 21. Wakirudi wengi, jike si mwenye kosa.

Watu wa Kolwezi wana swali lao jingine, na ni haki yao: maji. Mto Musonoi unapita kati ya migodi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliandika miaka mingi juu ya kobalti na metali nyingine katika miili ya wakaaji wa Katanga. Mwaka 2020 walitoa utafiti wa Lubumbashi unaohusisha kazi ya baba migodini na watoto kuzaliwa na vilema. Mwezi wa tatu 2024 mashirika RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti juu ya maji ya kuzunguka migodi ya Kolwezi, ambamo wanawake walieleza matatizo ya uzazi. Risasi na kadmiamu zinajulikana kudhuru korodani za wanyama. Mtu mwenye ng'ombe wanaokunywa mle ana sababu ya kuogopa.

Lakini kusema kila dume anayeshindwa ameharibiwa na mgodi ni kuwapa makampuni jibu rahisi. Watasema ni kupe, ni njaa, ni uzee, na mara nyingi watakuwa na ukweli nusu. Madume wa kijiji kinachokunywa Musonoi wakipimwa miaka mitatu mfululizo, pamoja na madume wa kijiji kilicho juu ya mto, kwa mganga mmoja na mita moja, hapo kuna karatasi ya kuweka mezani. Bila karatasi kuna malalamiko tu, na Lualaba ina malalamiko ya kutosha.

Nani atalipa? Darubini inayofaa shambani, chombo cha kutolea mbegu, sanduku la kutunza dawa na pikipiki ni vitu vidogo kando ya bajeti za jimbo hili. Kanuni ya madini ya 2018 inalazimisha makampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka, na inagawa malipo ya serkali ya madini: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, uchifu na miji, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Watu wanaokaa katika kamati za ile asilimia 0.3 wanaomba shule, zahanati, visima, na hakuna wa kuwalaumu. Ila mahali ambapo wameomba ng'ombe, au wamepewa ng'ombe ili picha ipigwe, swali la dume lingefaa kuandikwa kwenye mkataba: kila dume anayegawiwa awe na cheti, na mganga arudi mwaka wa pili. Kitivo cha mifugo cha Lubumbashi, karibu kilomita 300 kwa barabara, kina vijana wanaotafuta pahali pa kufanyia mazoezi. Wiki mbili za mwezi wa kumi na moja zingewatosha kuzunguka Lubudi na Mutshatsha.

Kuna wenye kusema dume wa nini, tulete mbegu za chupa. Kenya inafanya hivyo tangu kituo cha Kabete kilipofunguliwa mwaka 1946, na kila dume wa kituo cha namna ile anapimwa kuliko askari. Lakini mbegu hizo zinataka nitrojeni ya maji isiyokatika, mtu wa kuzipandikiza ndani ya saa chache, na mfugaji anayejua jike wake anataka lini. Kwa anayefuga kando ya mji mwenye simu na moto wa umeme, inawezekana. Kwa wa Lubudi ndani, dume wa miguu minne bado ana miaka mingi ya kazi.

Msomaji wa Masisi, Djugu au Kalemie anaweza kufikiri haya ni mambo ya matajiri wa shaba. Kwake ni karibu zaidi. Vita vya tangu 1996 vilikula makundi mengi mashariki, na vinaendelea kula. Mtu anayerudi na majike watano akaazima dume mmoja kwa kijiji kizima ameweka mwanzo wake wote juu ya mnyama mmoja. Hata bila mganga, mita inauzwa sokoni, na mikono anayo.

Kwa anayenunua msimu huu, karatasi ya muuzaji iwe na tarehe ya kupimwa, umri, sentimita, matokeo ya darubini kama yapo, na bruselozi. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, hiyo nayo ni habari. Na dume akishaingia kundini mwezi wa kwanza, mchungaji ahesabu kwa wiki tatu-tatu. Ikifika mwisho wa mwezi wa pili na majike wengi bado wanarudi kutaka dume, atolewe siku hiyo hiyo, bila kungoja mkutano wa familia, juu bado umebaki mwezi wa tatu wa kuweka mwingine.